Cheti Bila Shoka
Maneno kwa vijana wa Pwani



Ndugu zangu na dada zangu, nimeombwa nizungumze kuhusu uwezeshaji wa vijana. Neno hilo mmelisikia mpaka limewachosha. Kwa hivyo nitaanza na kitu unachokijua vizuri zaidi: ile bahasha ya kaki iliyo chini ya godoro lako. Ndani yake mna vyeti. Kimoja cha ujasiriamali, siku tatu. Kimoja cha uongozi, siku mbili. Kimoja cha amani, cha pili cha amani, na cha tatu cha amani. Vyote vimeandikwa kwamba ulihudhuria. Hakuna hata kimoja kinachosema unajua kufanya nini.

Unazijua semina hizo. Ukumbi una bango, mnapewa kalamu na kijitabu, mnakula biriani, mnasaini karatasi ya nauli, mnapigwa picha mkiwa mmeinua vidole. Mkufunzi anawaambia muwe na ndoto kubwa na muandike mpango wa biashara. Jumatatu uko maskani pale pale, na mpango wako wa biashara umefunga mkate wa mofa.

Sisemi wanaoandaa mambo haya wote ni watu wabaya. Wengine nawajua, ni watu wa kheri. Nasema tu kwamba wewe kijana una haki ya kuuliza umeondoka na nini. Na kipimo cha kuulizia tunacho katika dini yetu kabla hata ya hizo ripoti za wafadhili.

Imepokewa kutoka kwa Anas bin Malik, na Abu Daud ameitaja, kisa cha mtu wa Ansari aliyekwenda kwa Mtume (S.A.W.) kuomba. Wanavyuoni wamezungumza kuhusu isnadi yake, lakini kisa chenyewe kimefundishwa karne kwa karne. Mtume hakumpa kitu papo hapo, wala hakumpa mawaidha peke yake akamwacha aende. Alimuuliza nyumbani kwake kuna nini. Akasema kuna kitambaa, wanajifunika upande na kutandika upande, na bakuli la kunywea maji. Akaambiwa avilete. Mtume akavinadi mbele ya watu. Mmoja akasema dirhamu moja, Mtume akauliza nani ataongeza, mwengine akatoa mbili. Dirhamu moja akaambiwa anunulie watu wake chakula. Ya pili akanunulie shoka alilete. Alipolileta, Mtume alilitia mpini kwa mkono wake mwenyewe. Akamwambia aende akakate kuni auze, na asimuone kwa siku 15. Zilipokwisha, yule bwana alirudi ana dirhamu 10, amenunua nguo na chakula.

Hebu tukikague kisa hiki kama tunakagua mradi. Kwanza aliulizwa ana nini, hakuulizwa ana shida gani. Pili, familia ilikula kabla ya kazi kuanza, kwa sababu mwenye njaa hajifunzi. Tatu, alipewa chombo cha kazi, na chombo kilikuwa kimekamilika, kina mpini. Nne, soko lilijulikana: kuni zilihitajika Madina kila siku. Tano, aliwekewa tarehe ya kurudi kutoa hesabu.

Sasa ichukue ile semina ya mwisho uliyohudhuria uipitishe hapo. Shoka lilikuwa wapi?

Nimezungumza na mafundi wengi wa hapa kwetu, wa gereji, wa mbao, wa stima, wa kushona. Karibu wote walijifunza vile vile: walikaa na fundi mkubwa, wakashika spana na kutumwa chai, wakakosea, wakatukanwa kidogo, na baada ya miaka miwili mitatu mkono ukajua. Hiyo ni elimu kamili bwana, usiidharau. Tatizo lake ni moja. Siku kampuni inapotangaza kazi bandarini, au kontrakta wa barabara anapotaka wachomeleaji, fundi wetu hana karatasi. Anaingia kama kibarua wa kubeba vyuma, na anayekuja na karatasi, ambaye pengine mkono wake ni mzito kuliko wako, anasimama juu yake kama msimamizi. Halafu tunalalamika kwamba wageni wamechukua kazi. Malalamiko hayo yana ukweli wake mahali pengine, lakini hapa karatasi ingetusaidia.

Na karatasi hiyo ipo. Inaitwa mtihani wa ufundi wa serikali, unaosimamiwa na NITA, ile mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani. Una ngazi tatu: unaanza Grade 3, kisha 2, kisha 1. Una sehemu ya kuandika na sehemu ya mikono, na hakuna anayekuuliza ulipata gredi gani KCSE. Mtu aliyejifunzia gereji mtaani anaweza kujisajili. Yaani ile miaka uliyolala chini ya matatu umepakwa oili inaweza kuwa cheti kinachosema unajua kazi. NITA wana kituo chao hapa Mombasa. Nenda, uliza tarehe za usajili na ada, usingoje mtu akuletee habari kwa WhatsApp.

Utahitaji kitambulisho. Najua hapo wengine mmevuta pumzi. Miaka na miaka kijana mwenye jina la Kiislamu, hasa Mnubi, Msomali, au mtu wa mpakani, amepelekwa mbele ya kamati ya usaili aulizwe babu yake alizikwa wapi, wakati mwenzake wa darasa moja amechukua kitambulisho kwa siku chache. Februari 2025 Rais alitangaza akiwa Wajir kwamba usaili huo wa ziada umekwisha. Ikiwa ofisi fulani bado inakusaili, andika tarehe, andika jina la afisa, njoo kwetu. Bila kitambulisho hakuna mtihani, hakuna namba ya KRA, hakuna akaunti, hakuna tenda. Kunyimwa kitambulisho ni kunyimwa kazi, hata kama aliyekunyima hajatamka neno kazi.

Dada zangu, msifikiri nazungumza na wavulana wa gereji peke yao. Wengi wenu mna biashara tayari, ila hamuiiti biashara. Unapika mabuyu, unapika viazi karai, unapaka hina, unashona buibui. Ukiulizwa kazi unayofanya unajibu, "Niko tu nyumbani." Uko nyumbani vipi na wateja wako wamejaa kwenye simu?

Kitu ambacho wengi hatukufundishwa ni hesabu. Chukua mabuyu. Tuseme ubuyu, sukari, rangi na viungo vimekugharimu shilingi 900. Umetoa paketi 60, unauza shilingi 20 kila moja, umepata 1,200. Unajiambia faida ni 300, alhamdulillah. Lakini makaa ulitumia ya 80. Paketi zenyewe za plastiki 60. Nauli ya kwenda na kurudi sokoni 100. Hizo ni 240. Faida yako ni shilingi 60, na umesimama jikoni siku nzima kwenye joto. Ukiongeza shilingi tano tu kwa kila paketi, unapata 1,500, na ukitoa gharama zote 1,140 unabaki na 360. Wateja watano wakikimbia bado umeshinda. Hesabu hii ni ya daftari na kalamu, haihitaji hoteli wala mkufunzi kutoka Nairobi. Na uweke pesa za biashara mbali na pesa za nyumbani, hata ikiwa ni mikebe miwili. Kaka akitaka kukopa kwenye mkebe wa biashara, mwandikie deni. Atanuna. Mwache anune.

Turudi kwenye haki, maana sisi ni vuguvugu la haki, si shirika la kugawa vyerehani.

Kwa miaka kadhaa sasa, kijana wa Kiislamu wa Pwani amefundishwa ufundi chini ya anuani moja kubwa: kuzuia itikadi kali. Mnakumbuka ilivyokuwa. Westgate Septemba 2013, uvamizi wa Masjid Musa Februari 2014, Mpeketoni Juni mwaka huo huo. Kisha Septemba 2016 serikali ikazindua mkakati wa kitaifa wa kupambana na itikadi kali, na kaunti za Pwani zikaandika mipango yao. Pesa za wafadhili zikafuata njia hiyo. Ukitaka mradi wa kufundisha vijana kutengeneza friji Likoni, ilibidi uandike kwamba wasipofundishwa watakwenda Somalia. Wako waliofaidika, siwezi kukataa, na kuna mafundi leo waliotoka huko. Lakini tazama aibu iliyomo. Kijana wa Nyeri anafundishwa kwa sababu ni kijana na nchi inahitaji mafundi. Wewe unafundishwa kwa sababu unaogopwa. Jina lako linaingia kwenye orodha ya walio hatarini, na hujui orodha hiyo inakaa kwenye droo ya nani.

Na miradi ya kuogopwa ina kasoro nyingine: mfadhili akiacha kuogopa, au akiwa hana pesa, mradi unakufa. Tumeona 2025. Mwezi wa Januari Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai shirika la USAID lilikuwa limefungwa. Programu nyingi nchini zilifunga milango katikati ya masomo.

Basi ile njia ya pili, ambayo ilikuwa yako tangu mwanzo, iko kwenye Katiba. Kifungu cha 55 kinaitaka serikali ichukue hatua ili vijana wapate elimu na mafunzo yanayofaa, na wapate ajira. Hakitaji ugaidi popote. Na Jedwali la Nne limesema wazi nani mwenye jukumu la politekniki za vijijini, zile tunazoziita siku hizi VTC. Ni kaunti. Si mfadhili, si mbunge, si balozi wa nchi fulani. Gavana na bunge la kaunti. Kwa hivyo VTC ya wadi yako ikiwa ina vyerehani vinne na vitatu vimekufa, ikiwa mwalimu wa stima aliondoka na hajaletwa mwengine, kuna mtu anayetakiwa kujibu, na unampigia kura.

Sheria ya fedha za umma imeweka kalenda. Kila mwaka mpango wa maendeleo wa kaunti unatakiwa uwe umefika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Makadirio ya bajeti yanafika kufikia 30 Aprili. Kabla ya hapo wananchi waulizwe. Vikao hivyo huitishwa, tangazo hubandikwa mahali ambapo hakuna apitaye, na wanaokuja ni wazee watano na mwenyekiti wa wadi. Mkienda vijana 30 na karatasi moja mliyoandika pamoja, inayosema tunataka mashine sita za kuchomelea na mwalimu mmoja, ni vigumu mtu kuwaruka. Mkienda na kelele peke yake mtapewa soda.

Na ukitaka kujua mwaka jana VTC yenu ilitengewa kiasi gani na kilifika kiasi gani, iko Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Unaandika barua ya kuomba, na sheria yenyewe imesema unaweza kuandika kwa Kiswahili. Ofisi ina siku 21 kukujibu. Isipojibu, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, yule anayeitwa Ombudsman. Barua ya ukurasa mmoja! Wachache sana kati yetu wameshawahi kuiandika.

Wengine mtasema, mambo haya ya ufundi si yetu, sisi ni watu wa biashara na dini. Nani kakwambia? Lile jengo lenye kuba na mnara pale Tudor, Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, unajua lilianza vipi? Lilianza kama MIOME, taasisi ya elimu ya Kiislamu ya Mombasa, iliyojengwa ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wasome ufundi. Alichangia Sultani wa Zanzibar Seyyid Khalifa bin Harub, wakachangia Aga Khan na jamaa za Mabohora. Wanafunzi wa kwanza waliingia 1951. Mwaka wa 1966 ikafunguliwa kwa wote ikawa taasisi ya ufundi, 1972 ikawa Mombasa Polytechnic, na 2013 ikapewa hati ya chuo kikuu. Wala silalamiki kwamba ilifunguliwa kwa wote, hilo ni jambo la haki. Nasema wazee wetu walitoa mali zao kwa ajili ya msumeno na mashine, wakaona ni sadaka. Leo tukichanga, tunachangia zulia jipya juu ya zulia ambalo halijachakaa.

Hapo ndipo penye suala la mtaji, na hapa nataka mnisikilize polepole.

Vijana wengi hapa hawagusi mikopo ya serikali kwa sababu ya riba. Hustler Fund ilianza Novemba 2022 kwa asilimia 8 kwa mwaka, na kijana mwenye kuogopa Mwenyezi Mungu ameiacha. Namheshimu. Lakini asiishie kuiacha akakaa. Hazina ya Uwezo, iliyoanzishwa 2013 na inayosimamiwa kwenye maeneo bunge, iliwekwa kwa vikundi vya vijana, kina mama na walemavu, na mkopo wake haukuwekewa riba. Ukiambiwa kuna ada ya uendeshaji, uliza ni ya nini, kisha muulize sheikh wako. Na asilimia 30 ya tenda za serikali, pamoja na za kaunti, zimetengewa vijana, wanawake na walemavu kupitia usajili wa AGPO. Tenda si mkopo. Ni kuuza bidhaa au kazi yako. Ni wangapi kati yetu wameona vijana wenye kampuni ya viti au ya usafi wakisajiliwa pale? Na ni wangapi wameona mzee mwenye tumbo akitumia jina la mpwa wake? Hilo la pili tulileteeni, ni kesi.

Sisi wenyewe je? Zaka inatolewa hapa kila Ramadhani. Wengi wanaigawa noti kwa noti mlangoni, mtu anapata 200, ananunua unga, kesho yuko mlangoni tena. Sisi watu wa Pwani ni Shafi. Imamu Nawawi, katika Majmuu, ameandika kwamba masikini mwenye ufundi hupewa katika zaka kiasi cha kununua vyombo vya kazi yake, vikiwa vya thamani ndogo au kubwa, na mfanyabiashara hupewa cha kuanzia biashara yake. Huyu ni mwanachuoni wa karne ya saba hijria. Kumpa fundi mashine ya kuchomelea kutoka kwenye zaka si fikra ya kizungu, wala si bid'a ya vijana wa simu. Imo kwenye vitabu vinavyosomeshwa misikitini mwetu baada ya Maghrib. Kinachokosekana ni kamati ya msikiti kukaa, kuhesabu, na kusema mwaka huu tutawaondoa watu wanne kwenye mstari kabisa, badala ya kuwapa watu mia nne nauli ya kurudi mwakani.

Najua ni jambo gumu. Watu mia nne watakasirika. Kamati italaumiwa kwamba imependelea. Ndiyo maana lazima kuwe na daftari lililo wazi, majina yakubaliwe na watu wa mtaa, na yule aliyepewa awe na tarehe ya kurudi, kama yule Ansari alivyokuwa na siku zake 15.

Sasa kazi yenu kabla hatujaonana tena. Nenda VTC iliyo karibu na kwenu. Usiende kulalamika, nenda kama mtu anayetaka kusoma, maana wengine mnataka kweli. Uliza mambo manne: ni fani gani zinafundishwa leo, si zile zilizoandikwa ukutani. Ni walimu wangapi wapo. Ni mashine ngapi zinafanya kazi, na uombe uonyeshwe. Na mwaka jana ni wanafunzi wangapi walifanya mtihani wa NITA au mtihani mwingine wa serikali. Andika majibu, andika jina la wadi, na tarehe. Dada asiyeweza kwenda peke yake aende na mwenzake.

Mtuletee. Wadi ambazo majibu yatakuwa mabaya, tutakaa nanyi tuandike ile barua ya siku 21, kwa Kiswahili, na mtaipeleka nyinyi wenyewe mkaigongewe muhuri. Na wewe fundi usiye na karatasi, njoo na nakala ya kitambulisho, tuko na wenzetu waliofanya Grade 3 mwaka uliopita, watakueleza mtihani ulivyo.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.